Kutoka ofisini hadi meza ya kasino: mwongozo kwa anayetaka kuwa dila Kampala

Mfanyakazi wa benki, bima au kampuni ya simu akianza kuwaza kazi ya dila kasino (anayegawa karata na kuendesha meza ya mchezo), huwaza mambo mawili: mshahara utapungua kiasi gani, na nyumbani watasema nini. Yote mawili ni mazito na tutayafikia. Ila kinachowaangusha wengi ni mpangilio. Wanaandika barua ya kujiuzulu kwanza, ndipo watafute mafunzo, na wiki ya tatu wanagundua kwamba vidole havitii au hesabu ya 17 kwenye malipo ya ruleti (mchezo wa gurudumu na gololi) imewashinda. Wakati huo dawati la zamani lina mtu mwingine.

Kwa hiyo mwongozo huu unakwenda kwa gharama. Hatua ya bei rahisi inatangulia ile ya bei kubwa, na barua ya kujiuzulu iko karibu na mwisho.

Kaitazame kazi yenyewe kwanza

Nenda kasino mara mbili. Ijumaa saa nne usiku, meza zikiwa zimejaa, na siku ya katikati ya wiki saa tisa usiku, wakati amebaki mteja mmoja aliyepoteza na hataki kuondoka. Hiyo ya pili ndiyo itakayokueleza kazi ilivyo. Beba kitambulisho cha taifa, maana sheria ya Uganda ya mwaka 2016 ya bahati nasibu na michezo ya kubahatisha inamkataza mtu aliye chini ya miaka 25 kucheza. Kama hujafika umri huo, nenda mchana ofisini kwao kuulizia kazi, usijaribu kupita mlangoni kama mteja.

Usicheze. Simama mahali unapoona mikono ya dila. Angalia anavyokusanya madau yaliyoshindwa bila kugusa yaliyoshinda, anavyokata chipu (vidonge vinavyotumika badala ya pesa), anavyoonyesha viganja akiondoka mezani. Kisha tazama waliomzunguka: inspekta anayesimamia meza moja au zaidi, pit bosi juu ya mainspekta, meneja wa zamu juu ya pit bosi, na kamera juu ya wote. Mtu aliyezoea kuinuka ofisini kwenda kunywa chai atakavyo inafaa atafakari hilo vizuri. Dila haondoki mezani, hata kwenda msalani, mpaka aje wa kumpokea.

Hesabu ya fedha, bila kuhesabu bakshishi

Mapato ya dila yana vipande viwili: mshahara wa msingi na bakshishi, ambayo wenyewe wanaiita tipu. Anayekuvutia kwenye kazi atakutajia jumla ya mwezi mzuri. Wewe panga maisha yako kwa mshahara wa msingi peke yake, ukishakatwa kodi ya mshahara na asilimia 5 ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii (mwajiri anaongeza asilimia 10 yake juu). Kama kodi ya nyumba, chakula na ada za shule havitoshei hapo, kazi hiyo bado si yako. Afadhali ulijue sasa kuliko mwezi wa nne.

Kuhusu tipu, uliza hivi: zinakusanywa kwenye sanduku moja au kila dila anabaki na zake? Zikigawanywa, ni kwa pointi au sawa kwa sawa, na inspekta naye anapata? Mwanafunzi anaanza kupata lini? Mgawo mdogo kabisa katika miezi mitatu iliyopita ulikuwa kiasi gani? Swali hili la mwisho liulize kwa madila watatu tofauti, usiulize ofisini.

Halafu angalia kilichofungwa kwenye ajira yako ya sasa. Mkopo wa mshahara ndio mtego mkubwa. Wafanyakazi wa benki hasa hukopa kwa riba ya wafanyakazi, na mikataba mingi inasema ukiondoka riba inapanda hadi ya soko, au salio lote linadaiwa. Soma mkataba wa mkopo kabla ya kuusoma wa kazi mpya. Kama umemdhamini mtu SACCO, kajue msimamo wako. Bima ya afya ya watoto nayo inakoma na kazi, hivyo tafuta bei ya nyingine mapema.

NSSF usiihesabu kama akiba ya kipindi cha mpito. Kuacha kazi peke yake hakukupi haki ya kutoa pesa. Unalipwa ukifika miaka 55, au ukiwa na miaka 50 na umekaa mwaka mzima bila ajira. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2022, mwenye miaka 45 aliyechangia kwa miaka 10 anaweza kutoa hadi asilimia 20. Kijana wa miaka 31 hana mlango hapo.

Akiba ya kuvukia ipige hivi. Tuseme nyumba yako inatumia shilingi 1,400,000 kwa mwezi. Mafunzo ya wiki nane, kama yatakukosesha mshahara, ni miezi miwili. Mshahara wa kwanza unakuja mwisho wa mwezi wa tatu. Ongeza mwezi mmoja wa dharura: ugonjwa, mtihani wa kurudia, kasino kuchelewa kuajiri. Jumla ni miezi minne, yaani shilingi 5,600,000 mkononi, zisizo na deni.

Jipime kabla ya kumlipa mtu yeyote

Macho: ruleti ina chipu za rangi sita au saba mezani kwa wakati mmoja, na taa si kali. Kama unachanganya kijani na kahawia, au bluu na zambarau, kapimwe kwanza.

Miguu na mgongo: simama saa nzima jikoni ukipanga na kupangua vitu kwenye meza ya urefu wa kiuno, pumzika dakika 20, rudia mara tatu. Mgongo ukilia siku ya kwanza ni kawaida. Ukilia wiki ya pili ukiwa unafanya zoezi hilo kila siku, muone mtaalamu wa viungo.

Mikono: nunua chipu za plastiki za kipenyo cha karibu milimita 39, ambacho ndicho kipimo cha kasino. Sarafu zitakufundisha kuhesabu lakini ni ndogo mno, kiganja hakijifunzi upana. Weka rundo la chipu 20, likate kwa vidole kuwa marundo manne ya tano tano, ukitumia kidole cha shahada kupima urefu badala ya kuhesabu moja moja. Fanya kwa mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Asubuhi na jioni, dakika 15, kwa mwezi mmoja ukiwa bado ofisini.

Na kipimo kingine cha kweli kabisa: kama unabeti mpira kupita uwezo wako, au umewahi kuficha nyumbani kiasi ulichopoteza, usiingie kazi hii. Utakaa saa nane kila usiku ukitazama pesa zikizunguka, na wenzako wakitoka zamu baadhi yao watakwenda kucheza kwingine. Kasino nyingi zinamkataza mfanyakazi kucheza kwao, lakini katazo hilo haliponyi tabia.

Hesabu ya ruleti: hapa ndipo watu wanapoachwa

Gurudumu la Ulaya lina namba 37, yaani 0 hadi 36. Malipo yamejengwa juu ya 36. Gawa 36 kwa idadi ya namba ambazo chipu inazigusa, kisha toa moja, kwa kuwa chipu yenyewe inabaki ya mteja. Chipu kwenye namba moja inalipa 35. Kwenye mstari kati ya namba mbili, 17. Namba tatu za mstari, 11. Kona ya namba nne, 8. Mistari miwili ya namba sita, 5. Dazeni au safu ya namba 12, 2. Nyekundu na nyeusi, shufwa na witiri, ndogo na kubwa: 1. Ile namba ya 37 isiyohesabiwa kwenye malipo ndiyo faida ya nyumba, yaani kasino, moja kwa 37, karibu asilimia 2.7.

Ukishaelewa chanzo, njia za mkato zinajitokeza zenyewe. Chipu mbili za namba mbili zinalipa 34, yaani namba moja kutoa moja. Kona mbili zinalipa 16, yaani 17 kutoa moja. Kwa hiyo dila mzoefu hazidishi 17 mara nne. Anaona "namba moja mara mbili, toa mbili": 70 kutoa 2, ni 68.

Jaribu hii. Namba 20 imetoka. Mteja wa chipu za njano ana chipu tatu juu ya namba, nne kwenye mistari ya namba mbili, na mbili kwenye kona. Tatu za namba ni 105. Nne za mistari ni 68. Mbili za kona ni 16. Jumla ni chipu 189. Kwa mkato: nne za mistari ni sawa na namba mbili kutoa 2, kwa hiyo tatu na mbili ni tano, mara 35 ni 175, toa 2 ni 173, ongeza 16, ni 189.

Kazi haijaisha. Kila chipu ya njano mteja aliinunua kwa shilingi 2,000, hivyo malipo ni 378,000. Anasema, "Nipe laki tatu za thamani, nyingine rangi," yaani laki tatu kwa chipu zilizoandikwa kiasi, zinazobaki kwa rangi yake. Laki tatu ni sawa na chipu 150 za njano. Zilizobaki 39 unampa za njano: rundo la 20 na rundo la 19, ukiwa umezikata inspekta azione. Haya yote yanafanyika huku wateja wengine watano wakiweka mikono juu ya kitambaa.

Andika jedwali la 35 mpaka mara 20 (700) na la 17 mpaka mara 20 (340), uyabandike mlangoni bafuni. Ukiyajua kwa mfuatano, changanya: mwombe mtu akutajie "mbili, tatu, moja", yaani mbili za namba, tatu za mistari, moja ya kona, nawe ujibu ndani ya sekunde tano: 70, 51, 8, jumla 129. Ukikosea mara moja katika kumi bado hujafika. Kosa moja katika kumi kwenye meza yenye watu ni ugomvi kila nusu saa.

Mafunzo

Zipo njia mbili. Kasino yenyewe inafundisha kundi inapohitaji watu, mara nyingi bila ada lakini kwa mkataba wa kuitumikia kwa muda. Au unalipa mwalimu wa nje. Ya kwanza ni bora kwa sababu unafundishwa utaratibu wa nyumba utakayofanyia kazi, ila soma mkataba huo. Ukiondoka kabla ya muda unarudisha kiasi gani, na kinapungua kadiri miezi inavyokwenda? Wao wakikufelisha, bado unadaiwa?

Mwalimu wa nje asiye na meza halisi, gurudumu linalozunguka sawasawa na chipu zisizopungua elfu moja, usimlipe. Anayeahidi kazi ya uhakika Dubai au kwenye meli kwa ada ya kwanza, kimbia. Kasino inayokualika, uliza leseni yake ya bodi ya taifa inayosimamia michezo ya kubahatisha. Uliza pia kama nafasi yako inahitaji usajili kwenye bodi hiyo, na nani analipia.

Tarajia wiki sita hadi kumi na mbili, kufuatana na idadi ya michezo. Wiki mbili za kwanza ni chipu na karata tu: kukata, kusukuma rundo bila kuangusha, kuchanganya karata bila kuonyesha chini. Baada ya hapo blakijeki au ruleti, halafu michezo ya poka na bakarati. Ukiweza, maliza na michezo mitatu. Dila wa ruleti pekee anapangwa pale tu inapofunguliwa ruleti.

Kwenye blakijeki, karata ni pakiti sita, jumla 312. Asi ni 1 au 11, picha ni 10, nawe unasimama kwenye 17. Blakijeki inalipwa tatu kwa mbili: dau la 25,000 linapata 37,500, la 35,000 linapata 52,500. Kanuni ni dau lenyewe na nusu yake. Kinachowashinda wageni ni kujumlisha mkono wenye asi mbili na karata ndogo tano mteja akiwa amekodoa macho. Dawa yake ni kugawa mikono mia kwa siku nyumbani huku ukitaja jumla kwa sauti.

Bakarati, yenye mikono miwili ya karata, wa mchezaji na wa benki, inaonekana rahisi mpaka karata ya tatu. Mkono wa mchezaji unachukua karata ukiwa na 0 hadi 5, unasimama na 6 au 7. Yeyote akipata 8 au 9 kwa karata mbili, mchezo umekwisha. Mchezaji akiwa amechukua, benki yenye 0 hadi 2 inachukua daima. Yenye 3 inachukua isipokuwa karata ya tatu ya mchezaji ni 8. Yenye 4 inachukua dhidi ya 2 hadi 7, yenye 5 dhidi ya 4 hadi 7, yenye 6 dhidi ya 6 na 7 tu. Yenye 7 inasimama. Mchezaji akiwa amesimama, benki inachukua ikiwa na 0 hadi 5. Ushindi wa benki unakatwa asilimia 5: kwa 150,000 tafuta asilimia kumi, 15,000, igawe mara mbili, 7,500, lipa 142,500. Wateja wa bakarati huwa wanajua kanuni hizi kuliko dila mpya, na hawasamehi.

Mikono inayoonekana

Aliyetoka ofisini hudhani utaratibu wa mikono ni urembo. Ni ushahidi. Kamera haisikii nia yako, inaona mkono tu.

Pesa haitoki mkono kwa mkono. Mteja anaiweka mezani. Akitoa laki tatu kwa noti za 50,000, unazitandaza noti sita zote zionekane, unataja kiasi kwa sauti, unasubiri inspekta aitikie. Kisha unakata chipu, unazithibitisha, unazisukuma kwa mteja. Mwisho ndipo unazididimiza noti kwenye sanduku kwa kibao. Ukiwahi kuzididimiza halafu mteja akasema alitoa laki nne, ushahidi umeingia kwenye sanduku linalofunguliwa chumba cha kuhesabia tu, na meza yote inasimama mpaka kamera irudishwe nyuma.

Rangi moja ni ya mtu mmoja. Thamani ya rangi iwekwe alama kando ya gurudumu dakika ile ile unapoiuza. Dila mpya husahau alama hiyo, anapokewa na mwenzake, na mwenzake analipa chipu za 5,000 kama za 1,000. Mteja atapiga kelele. Kosa la upande wa pili, la kulipa za 1,000 kama za 5,000, halipigiwi kelele na mtu.

Gololi ikishatua, weka alama kwenye namba iliyoshinda kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Kuna wateja wanaoteleza chipu mezani baada ya matokeo, wakingoja uiname kukusanya. Ukihisi chipu imeingia baadaye, usiiondoe, usibishane, usilipe. Acha mikono hewani, muite inspekta. Ukishaivuruga picha ya meza, hata kamera haitakusaidia sana.

Unapotoka mezani, au baada ya kujigusa nywele au uso, onyesha viganja pande zote mbili. Saa usivae. Mikono ya shati ifungwe, kwa sababu kishikizo kilicho wazi huzoa chipu za kona bila wewe kuhisi.

Zungumza na nyumbani kabla ya notisi

Kwa familia ya Kiislamu, kamari ni haramu, na wazee wengi hawatofautishi anayecheza na anayegawa karata. Makanisa mengi nayo yanaiona hivyo hivyo. Usijaribu kumshinda mzee kwa hoja. Mwambie ukweli kabla hajaambiwa na jirani, mweleze ni ajira ya mkataba yenye NSSF na kodi, kisha mwache aseme lake. Kama dhamiri yako mwenyewe iko upande wake, usiende. Mshahara wa usiku hautaituliza.

Mke au mume anahitaji jambo jingine: ratiba. Nani atawapeleka watoto shule, nani atakuwepo usiku mtoto akipata homa. Yaandikeni kwenye karatasi.

Mtihani wa meza, kisha notisi

Mtihani huwa ni zamu fupi mbele ya mameneja wanaojifanya wateja wasumbufu. Wanaweka madau kwa kuchelewa, wanakusemesha katikati ya hesabu, wanadai umekosea ulipolipa sawa. Wanapima kama unarudia utaratibu ule ule ukichanganyikiwa. Ukikosa jibu, nyamaza, kata chipu upya, hesabu tena. Polepole na sahihi inapita. Haraka na makosa haipiti.

Ukishapata barua ya ajira yenye tarehe na mshahara, ndipo uandike barua ya kujiuzulu. Sheria ya ajira ya mwaka 2006 inapanga notisi kwa muda uliofanya kazi: wiki mbili kwa zaidi ya miezi sita hadi mwaka, mwezi mmoja kwa mwaka hadi mitano, miezi miwili kwa mitano hadi kumi, miezi mitatu kwa kumi na zaidi. Aliyekaa benki miaka saba anahitaji miezi miwili, na kasino haitamngoja bila kuambiwa. Taja tarehe yako wakati wa usaili. Omba cheti cha utumishi na malipo ya likizo ambayo hukuchukua. Usiondoke kwa maneno makali. Kasino hupiga simu kwa mwajiri wa zamani kuulizia uaminifu kuliko utendaji.

Faili la kuanzia liwe na kitambulisho cha taifa, TIN (namba ya mlipakodi), namba ya NSSF, barua ya LC1 (uongozi wa mtaa), barua mbili za wadhamini na cheti cha tabia njema cha polisi kutoka Interpol. Hicho cha mwisho kianze mapema.

Kwenye mkataba mpya angalia majaribio yasizidi miezi sita (yanaweza kuongezwa kwa makubaliano yako), saa 48 kwa wiki kama kawaida, siku moja kamili ya mapumziko kila wiki, saa za ziada kwa mara moja na nusu, na likizo ya siku 21 kwa mwaka. Zamu zinaruhusu wiki moja kuwa ndefu kuliko nyingine, lakini wastani wa wiki tatu usipite saa 10 kwa siku na 56 kwa wiki. Uliza pia nani anafidia malipo yaliyokosewa. Kama jibu ni kwamba yanakatwa kwa dila, taka liandikwe na kiwango chake.

Usingizi na safari ya kurudi

Zamu ya usiku ya kawaida ni kama saa mbili usiku hadi saa kumi alfajiri. Uganda iko kwenye ikweta, jua linachomoza kati ya saa kumi na mbili na saa moja mwaka mzima, kwa hiyo una dirisha fupi la kufika nyumbani gizani. Lala saa kumi na moja. Pazia liwe zito kiasi kwamba huoni kiganja chako. Simu iwe nje ya chumba, na jirani mwenye redio aelezwe kwa heshima mapema. Kahawa ya mwisho saa tano usiku, kwani inachukua saa kadhaa kutoka mwilini. Siku ya mapumziko usirudi kabisa kwenye ratiba ya mchana, sogeza kwa saa mbili tatu tu. Zamu zikizunguka, omba ziende mbele: asubuhi, jioni, usiku. Kurudi nyuma kunauumiza mwili zaidi.

Hili si la starehe tu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka kazi ya zamu za usiku kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani, mwaka 2007 na tena 2019. Pima shinikizo la damu na sukari kabla ya kuanza, kisha kila mwaka. Moshi wa sigara mezani usiukubali kama sehemu ya kazi. Sheria ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2015 inakataza kuvuta maeneo ya umma.

Kati ya saa tisa na saa kumi na moja alfajiri akili iko chini kabisa, na makosa mengi ya malipo yanatokea hapo. Kula kabla ya zamu, kisha kidogo kidogo kwenye mapumziko: ndizi, njugu, maji. Rolex mbili (chapati zilizoviringishwa na mayai) saa nane usiku zitakulaza juu ya gurudumu.

Usafiri uulize kabla ya kusaini. Kasino nyingine zina gari la wafanyakazi, nyingine zinakuachia mlangoni. Anayeishi Mukono au Nansana na kufanyia kazi Kololo atakuta saa kumi alfajiri taxi ni chache na boda wanajua nani katoka kasino na tipu mfukoni. Weka tipu kwenye simu kabla ya kutoka, tumia boda wa programu au mmoja unayemjua kwa jina, na kama kuna gari la wafanyakazi lisubiri hata dakika 40. Wengine huhamia Kabalagala au Kansanga. Piga hesabu ya kodi ya nyumba dhidi ya nauli ya mwezi mzima.

Miezi sita ya kwanza

Mwezi wa kwanza utarekebishwa kila usiku mbele ya wateja. Kwa mtu aliyekuwa na ofisi na watu chini yake, kukosolewa na inspekta wa miaka 24 ni kugumu. Jibu ni "sawa, bosi", kisha urekebishe. Mwezi wa pili kasi inakuja na umakini unapungua, hapo ndipo alama za rangi zinaposahaulika. Kuanzia mwezi wa tatu omba kufundishwa mchezo mwingine.

Weka daftari nyumbani la mambo matatu: mshahara uliopokea, tipu ulizopata, saa ulizolala. Huku nyuma endelea kulipia uanachama wa taaluma yako kama unao, wa uhasibu au mwingine, na uitunze laini ya simu ambayo wenzako wa zamani wanaijua. Majaribio yakikaribia kwisha, lifungue daftari na mwenzako wa nyumbani akiwepo. Ndani ya majaribio notisi ni siku 14 tu, kwa hiyo uamuzi wa kubaki au kurudi ufanye wiki tatu kabla ya tarehe hiyo.